Mwaka Jua Lilipohamisha Mpaka

Ma Teodora alizikwa Jumamosi iliyopita kwenye kibanja chake, Kashozi. Habari ya msiba ilinifikia Muleba kwa simu siku chache kabla ya mazishi, nikiwa uani napukuchua maharage. Aliyepiga hakunijua. Alisema tu kwamba katika karatasi za marehemu wamekuta jina langu, Mwalimu Advera, na namba ya simu pembeni, ndiyo maana ameona anijulishe. Nilimshukuru, nikakata simu, kisha nikakaa na ungo wangu mapajani bila kupukuchua. Mimi sikuwahi kumpa Ma Teodora namba yangu. Tulikuwa hatujaonana zaidi ya miaka thelathini. Badala ya kulia kama mtu aliyefiwa, nilianza kujiuliza namba ile aliipata wapi, na alitaka kuniambia nini. Nikagundua kwamba hata akiwa maiti bado namshuku, kama nilivyomshuku mwaka ule nilioishi kwake.

Ulikuwa mwaka mmoja tu, Januari hadi Desemba. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nafundisha chekechea huku nasubiri nafasi ya chuo cha ualimu, na yeye alikuwa na chumba kitupu na hofu ya kukaa peke yake, ingawa hofu hiyo hakuitaja. Alikuwa amerudi miezi michache kabla kutoka Ufini, kaskazini kabisa ya Ulaya, ambako alikaa miaka kumi na minane akihudumia wazee wasiojiweza. Aliondoka Mkatoliki, akarudi Mlutheri, na hilo peke yake lingetosha kuzungumzwa Kashozi mwaka mzima. Aliondoka na mume, akarudi na picha yake. Juu ya yote, alikuja kukaa kwenye kibanja cha baba yake, mzee ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume na ambaye alipokuwa kitandani aliwaita wazee wa ukoo, akatamka mbele yao kwamba migomba na mibuni ile ni ya Teodora. Wazee waliitikia. Lakini kumwitikia mgonjwa ni jambo moja, na kumwona mwanamke akikata ndizi kwenye ardhi ya ukoo kila siku, mbele ya macho yako, ni jambo jingine.

Nyumba ilikuwa ya matofali ya kuchoma, yenye sebule pana na vyumba vitatu. Sakafu ilikuwa ya saruji, lakini Ma Teodora aliitandika nyasi mbichi kila Jumamosi kama walivyofanya bibi zetu, kwa hiyo ukiingia ulipokewa na harufu ya mbuga. Hilo lilinipendeza. Ambalo halikunipendeza ni mapazia ya chumba chake. Yalikuwa meusi, mazito kama blanketi, yaliyotoka naye huko, na yalifungwa mchana na usiku. Jirani zetu hawakuwa na mapazia kabisa, au walikuwa na vitambaa vyepesi vya maua vilivyopepea dirishani. Mtu wa kujificha hivyo anaficha nini? Tena nilimsikia asubuhi, kabla hajafungua mlango, akisema maneno kwa lugha nisiyoijua, taratibu, kama anayemjibu mtu. Nilisimama kwenye korido na kikombe cha chai mkononi, nikatega sikio. Siku moja alitoka ghafla akanikuta. "Nahesabu," akasema. "Nikiamka huwa nahesabu kwa lugha yao, nisije nikaisahau." Sikuuliza anahesabu nini. Nilikwenda kazini nikiwa na hakika kwamba ananidanganya.

Kusini mwa kibanja chake kilikuwa kibanja cha Ta Evodi, mtoto wa baba yake mdogo, mtu mpole wa sauti, aliyevaa koti hata wakati wa joto. Mpakani kulikuwa na mstari wa milamula, ule mmea wa majani marefu ambao kwetu hata mtoto anajua haung'olewi wala haukatwi ovyo, kwa kuwa ndio unaosema hapa ni kwangu na pale ni kwako. Mke wa Ta Evodi, Ma Jeneroza, alizoea kunisubiri njiani nikitoka chekechea. Hakuniuliza chochote kabla sijakaa jikoni kwake na kushika ndizi ya kuchoma. Jiko lake lilikuwa na moshi mzuri, na sufuria ya ebitoke, ndizi zetu za kupika, na maharage haikukosekana mafigani. Nilikuwa msichana mgeni ambaye hakuna aliyemsikiliza, na pale jikoni nilisikilizwa kama padri.

"Leo kaandika tena?" aliuliza, macho yake kwenye sufuria.

"Kaandika."

"Kaandika nini, mwanangu?"

"Namba tu, waitu," nilimjibu kwa adabu.

Ilikuwa kweli. Ma Teodora alikuwa na daftari la jalada la bluu ambamo aliandika namba mbili kila siku, moja asubuhi na moja jioni. Nililifungua alipokuwa bafuni. Namba zilikuwa karibu zile zile, ukurasa baada ya ukurasa, zimepishana dakika moja au mbili, na hilo ndilo lililonitisha. Mtu mwenye akili timamu haandiki kitu kile kile kila siku. Tena palikuwa na ile nguzo. Karibu na mpaka, upande wake, kulikuwa na uwazi wa kukaushia kahawa, mahali pekee ambapo migomba haikuziba anga. Katikati ya uwazi huo alisimamisha mti mnyoofu, mrefu kupita mtu mzima, na kila Jumapili mchana, akirudi kutoka ibadani, alikwenda pale na saa yake ya mkononi, akangoja, kisha akachomeka kigingi kidogo ardhini. Vigingi vilianza miguuni pa nguzo mwezi wa tatu. Kufikia mwezi wa tano vilikuwa vimetengeneza mstari, na mstari ule ulikuwa unakwenda kusini, kuelekea kwa Ta Evodi.

Mimi nilimuuliza. Hilo naliandika kwa sababu ndilo linaloniuma. Ilikuwa Jumapili ya mwisho ya Mei, mvua imeanza kukatika, naye alikuwa amechuchumaa akipima kwa vidole umbali kati ya kigingi cha wiki iliyopita na kipya.

"Ma Teodora, hivi ni vya nini?"

"Kaa hapa, Advera. Unaona kivuli cha mti kinaishia wapi? Ndipo naweka kigingi. Jua linakwenda kaskazini, kwa hiyo kivuli kinarefuka kwenda kusini. Zamani kilisogea shubiri nzima kwa wiki, sasa ni vidole vinne, wiki ijayo vitatu. Itafika siku, mwezi ujao, kitasimama, halafu kitaanza kurudi."

"Na daftari?"

"Saa ya jua kutoka na saa ya kuzama." Akacheka kidogo, kwa aibu. "Kule, siku hiyo ya jua kugeuka, linatoka saa tisa usiku, likazama saa tano usiku. Kaskazini zaidi halizami kabisa. Watu hawalali. Ndiyo maana ya yale mapazia, bila hayo ungechanganyikiwa. Wanasimamisha miti miwili mlangoni, wanawasha moto ufukweni, wanakula viazi vipya na samaki. Mume wangu alifariki wiki moja kabla ya siku hiyo, na majirani zetu wa kule walikuja na miti wakaisimamisha mlangoni kwetu vilevile. Nilipanga nikirudi nyumbani niendelee. Sasa hapa jua halina habari na mtu. Linatoka saa moja kasoro dakika chache, mwaka mzima. Nikasema lazima kuna mahali hata hapa linaonyesha kwamba limefika mwisho likageuka. Nikaliona kwenye kivuli."

Nilimsikiliza hadi mwisho, nikaitikia kwa kichwa. Nikafikiri: jua gani hilo lisilozama? Mtu anayeweza kusema mbele ya mwalimu kwamba jua huzama saa tano usiku anaweza kusema lolote. Siku iliyofuata nilimweleza Ma Jeneroza, nikitegemea tutacheka pamoja. Hakucheka. Alifunika sufuria yake, akasema, "Kwa hiyo kila wiki anasogea." Jioni hiyo, nikiwa bado jikoni, nilimsikia akimwambia mumewe sebuleni kwa Kihaya kwamba mwaka ujao vile vijiti vitakuwa chini ya kitanda chao. Ta Evodi alijibu kwa sauti yake ya upole: "Mwache apime. Mwenye kupima ndiye anayeonyesha mahali."

Kyanda, kiangazi chetu, kiliingia mwaka ule bila kuchelewa. Ukungu wa asubuhi ulipungua, upepo wa ziwani ukawa mkavu, na vilima vya nyasi vikageuka rangi ya mkate. Ndio wakati ambao Kashozi huamka. Kahawa ilianza kuiva na kuanikwa kwenye majamvi, watu wakakata nyasi za kuezekea mabanda, ndizi za pombe zikafukiwa shimoni ziive, na kila nyumba ikajiandaa kwa sikukuu ya Yohane Mbatizaji, kwa kuwa hakuna ukoo usiokuwa na Yohane. Ta Evodi alikamua rubisi, pombe ya ndizi, akajaza mtumbwi mzima wa kukamulia. Nilipita nikaona wanaume wanaponda ndizi kwa nyasi, nikasikia wakiulizana kama yule Mlutheri naye atasherehekea.

Alisherehekea, ila kwa siku yake, Ijumaa iliyotangulia. Nilirudi mchana nikamkuta anafagia uwanja huku anaimba chinichini. Pande zote mbili za mlango wa mbele alikuwa amesimamisha milamula mirefu, ya kijani iliyoiva, imefungwa kwa kamba ya mgomba. Nilijua mara moja ilikotoka, maana kwake hakukuwa na milamula ya urefu ule isipokuwa mpakani.

"Umeikata wapi?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Pale chini. Kule tunatumia mti mwingine, lakini huu ndio wenye majani ya kupendeza. Usiwe na wasiwasi, mashina yatachipua. Mlamula haufi."

Alisema kweli, mlamula haufi. Na alikuwa Mhaya, aliyezaliwa palepale, kwa hiyo alijua mlamula wa mpakani ni nini. Je, miaka kumi na minane ilimsahaulisha? Au alidhani kwamba kwa kuwa uko upande wake hauna neno? Au alijua kabisa, akataka kuona Evodi atafanya nini? Nimeligeuza swali hili mara nyingi, na mpaka leo halijanipa jibu.

Alikuwa amepika viazi mviringo vidogo na sato wa mvuke, na kwa kuwa jani walilotumia Ufini halikupatikana soko la Bukoba, alikata majani ya karoti akayanyunyiza juu. Aliandaa sahani kumi na mbili kwenye meza ndefu. Alikuwa amewaalika majirani wote, nyumba kwa nyumba. Tulikaa tukingoja. Saa kumi na moja ikapita, na saa kumi na mbili. Barabarani niliwaona watu wakipunguza mwendo mbele ya mlango wetu, wakiitazama ile milamula, kisha wakiendelea. Aliyekuja ni Ma Jeneroza peke yake. Alisimama kizingitini, akashika jani la mlamula kati ya vidole viwili kama anayepima kitambaa dukani, akatazama meza, akatazama nyasi sakafuni.

"Karibu, Ma Jeneroza. Karibu chakula," Ma Teodora alisema, na akasimama kumvutia kiti.

"Kasinge, waitu, asante. Nimeshiba."

"Hata kiazi kimoja?"

"Nimeshiba kweli."

Akaondoka. Tulikula wawili. Mimi nilikwangua majani ya karoti nikayasukuma pembeni ya sahani, naye aliona. Jua lilipozama aliwasha moto wa kuni chache uwanjani, akasimama mbele yake na saa yake mkononi, akaandika namba yake, basi.

Baraza liliitwa Jumatano, siku moja baada ya sikukuu ya Yohane. Lilifanyika sebuleni kwa mwenyekiti wa kitongoji, chumba chenye viti vya mbao na kalenda ya parokia ukutani. Wazee wanne, karibu wote wakiwa wameshinda jana yake kwa Ta Evodi kwenye rubisi. Nilisikia bado harufu yake kwenye makoti yao. Ta Evodi alizungumza vizuri. Hakumshutumu mtu. Alisema dada yake amekaa mbali, labda amesahau, lakini mwezi wa tatu alisimamisha nguzo, kisha akaanza kuweka vigingi kuja kwake, sasa amekata mpaka, na yeye ni mtu mzima, ana watoto, angependa tu kujua mpaka wao uko wapi.

"Nilikuwa napima jua," alisema Ma Teodora.

Wazee walitazamana. Mmoja alikohoa kuficha kicheko. Yeye hakurudia. Aliweka daftari mezani, likapita mkono kwa mkono, na kila aliyelifungua aliona namba akalifunga. Ndipo mwenyekiti akanigeukia mimi, niliyekuwa nimekaa karibu na mlango.

"Binti, wewe unakaa naye. Ulimwona akikata milamula?"

"Nilimkuta ameshaikata. Aliniambia kaikata mpakani."

"Na vigingi ulimwona akiviweka?"

"Nilimwona."

"Ni kweli alikuwa anapima jua?"

Ma Jeneroza alikuwa ananitazama, na Ma Teodora pia. Hakuwa na uso wa kuomba. Alinitazama kama mtu anayesubiri kivuli kifike mahali pake.

"Sijui," nikasema.

Neno lenyewe halikuwa uongo mtupu. Sikuwa na hakika. Lakini sikuulizwa nina hakika gani. Niliulizwa nimeona nini na nimeambiwa nini, na vyote viwili nilivijua. Ningeweza kusema: aliniambia kivuli kitafika mahali kisimame, kisha kirudi, ngojeni wiki tatu mkaone wenyewe. Maneno hayo machache yangetosha. Badala yake nikasema sijui, na wazee wakaanza kuzungumza wao kwa wao kwa sauti ya chini. Waliamua kwamba kwa kuwa mpaka wa zamani umeharibiwa, upandwe mwingine, na kwa kuwa Teodora mwenyewe ndiye aliyesimamisha nguzo, basi nguzo yake iwe shahidi. Wiki hiyohiyo Ta Evodi alikuja na wanawe, wakapanda milamula kuanzia penye nguzo. Uwanja wa kukaushia kahawa ukawa wake, pamoja na mstari wa mibuni kumi na mmoja ambayo buni zake zilikuwa zimeiva nyekundu. Waliivuna siku ileile.

Nilitegemea nifukuzwe. Jioni Ma Teodora alinipakulia kama kawaida, finyango kubwa kwangu, akaniuliza watoto wa chekechea wanaendeleaje. Wema ule ulinikosesha usingizi kuliko ugomvi. Nilianza kuchunguza chai yangu kabla ya kuinywa. Nilifunga mlango wa chumba changu kwa ndani. Mwezi wa saba, bila kumwambia mtu, nilichomeka mpini wa jembe kwenye uwanja wa chekechea, nikaweka jiwe kivuli kilipoishia mchana. Nilirudia Ijumaa tatu. Jiwe la pili lilikaa nyuma ya la kwanza, na la tatu nyuma ya la pili. Kivuli kilikuwa kinarudi. Niliokota mawe yale nikayatupa kwenye nyasi, nikaingia darasani kuimbisha watoto. Mwenyekiti wa kitongoji aliishi hatua mia mbili kutoka pale. Sikwenda.

Desemba niliitwa chuoni. Ma Teodora alinisindikiza hadi barabarani, amebeba kikapu changu. Tukiwa tumesimama kusubiri gari la Bukoba, nikamwambia, bila kumtazama, kwamba kivuli kilirudi kweli, nilipima.

"Lini?"

"Mwezi wa saba."

Akahamisha kikapu kutoka mkono mmoja hadi mwingine. "Basi umenyamaza miezi mitano," akasema. "Mimi nilidhani hukuamini tu. Nilikuwa nimeshakusamehe hilo." Gari likaja. Alinipandishia kikapu, akanifunga kanga vizuri begani kama mama, na hatukuonana tena.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kuzika. Kaburi lilichimbwa karibu na la baba yake. Kulikuwa na mchungaji na, nyuma kidogo, padri mzee aliyekuja kwa ujirani. Ta Evodi na mkewe walishatangulia miaka mingi. Waliokuwapo ni wanawe, sasa wanaume wa makamo wenye mvi. Msimamizi alipouliza kama kuna mwenye neno kuhusu marehemu, nilisimama. Nilijitambulisha, nikaeleza habari yote mbele ya watu, kwa mpangilio, kama ninavyoieleza hapa: vigingi, jua, swali la mwenyekiti, na jibu langu. Nilisema mpaka wa upande wa kusini hauko mahali pake, na kwamba nilijua tangu nikiwa na miaka kumi na tisa. Nilipokaa, mwanamke aliyekuwa karibu nami kwenye mkeka alikunja gauni lake lisiguse langu.

Baada ya chakula mtoto mkubwa wa Ta Evodi alinifuata nilipokuwa nanawa mikono. Alinishikia birika kwa heshima, akanimiminia maji.

"Mwalimu," akasema taratibu, "ulitumwa na nani?"

"Sikutumwa na mtu."

"Marehemu hakuacha mtoto. Kibanja hiki kitagawanywa. Wewe unatoka Muleba, hatukujui, unakuja siku ya mazishi kuzungumzia mipaka." Hakuwa na hasira. Alikuwa na sauti ileile ya upole ya baba yake. "Namba yako imekutwa kwenye karatasi zake. Umeahidiwa nini?"

Nilimwambia tena kwamba sikutumwa na sikuahidiwa. Nilimwambia kwamba ni kweli tupu, kwamba kama anataka ushahidi asimamishe mti mnyoofu mahali penye uwazi mwezi wa sita ajionee. Alinisikiliza hadi mwisho, akaitikia kwa kichwa. Kisha akaweka birika chini, akaenda kusimama na ndugu zake, nao wote wakageuka kunitazama.